Jinsi ya kukimbia kwa kukaza mzunguko wa mlima ulioshauzoea (mwongozo kamili)

Tuseme una mlima wako. Unapandia upande huu unashukia upande ule, unarudi pale pale ulipoanzia, na umeshauzunguka mara arobaini hamsini mpaka mawe mengine umeyapa majina. Sasa siku moja unajiambia leo nataka niukimbie kwa kukaza kweli, mwanzo mpaka mwisho, nione nina nini miguuni. Hapo ndo watu wanaumia aisee, na wanaoumia sio wageni, ni wenyeji. Mgeni anauogopa mlima kwahiyo anaangalia anapokanyaga, mwenyeji anaujua kwahiyo haangalii. Wahenga walishasema mazoea yana taabu na mi nimeyalipia kwa ngozi ya kiganja, ntakuja huko.

Hata kwa watu wa theluji ni hivyo hivyo. Kuna Mmarekani anaitwa Ian McCammon alipitia ajali za maporomoko ya theluji na mwaka 2004 akaandika kwamba hata watu wenye mafunzo walikuwa wanajiachia zaidi wakiwa sehemu waliyoizoea kuliko sehemu ngeni. Mafunzo wanayo, macho wanayo, ila mahali ni pale pale pa kila siku basi ulinzi unalala.

Kwahiyo mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anakimbia, tayari ana mzunguko wake, na anataka kuufanya kwa nguvu zote mara moja bila kubebwa. Kama bado hujawahi kuumaliza hata kwa kutembea, anza na hilo kwanza, hii subiri.

HATUA YA 1: KATA MLIMA VIPANDE

Usiuchukue mlima kama kitu kimoja, utakumeza. Ukate vipande kwa jinsi miguu inavyofanya kazi, kilomita haikuambii kitu huku, manake kilomita moja ya kupanda na kilomita moja ya kushuka ni kazi mbili tofauti kabisa, hazifanani hata kwa misuli inayotumika.

Wangu nimeukata hivi. Kipande cha kwanza kilomita 3 za kuingia, njia pana, inapanda taratibu mita 60 tu. Cha pili ndo mlima wenyewe, kilomita 4 na kupanda mita 640. Cha tatu mgongo wa mlima, kilomita 3 za mawe, juu chini juu chini, jumla kama mita 100 za kupanda. Cha nne mteremko, kilomita 4 na nusu. Cha tano kilomita moja na nusu ya tambarare kurudi mwanzo, ambayo siku za kawaida huioni kabisa ila siku ya kukaza ni ndefu kuliko zote, utakuja kuniambia.

Jumla kilomita 16, kupanda mita 800. Wa kwako utakuwa na namba zake, ila karibu kila mzunguko wa mlima una vitu hivyo vitano: kuingia, kupanda, juu, kushuka, kutoka.

HATUA YA 2: TAFUTA NAMBA ZAKO

Wanaoandaa mbio za milimani wana hesabu moja nyepesi, kila mita 100 unazopanda zihesabu kama kilomita moja ya tambarare. Wangu basi ni 16 jumlisha 8, unapata 24. Hapo ndo unaelewa kwanini mtu anamaliza kilomita 16 akiwa na sura ya aliyekimbia 24. Mfano mwingine, Sierre-Zinal ya Uswisi, mbio zilizoanza mwaka 1974, ni kilomita 31 na kupanda mita 2,200 hivi, kwa hesabu hiyo ni 53, alafu Kilian Jornet, mkimbiaji wa milimani kutoka Hispania, mwaka 2019 akazimaliza chini ya masaa mawili na nusu. Sisi wengine tuendelee na yetu.

Namba ya pili ni ya kutembea, na hii wakimbiaji wengi wanaidharau. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ambayo watu wa milima wanaitumia mpaka leo: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Wangu kwa Naismith ni masaa manne na nusu. We utasema mi nakimbia nitamaliza kwa masaa mawili, ya nini hiyo? Ni kwa ajili ya siku utakayotegua enka ukiwa juu. Ukitegua enka we sio mkimbiaji tena, ni mtembeaji mbovu mwenye jasho la mkimbiaji na kinguo cha mkimbiaji, na giza linakuja kwa ratiba yake. Ndo maana nguo, tochi na muda wa kuanza vinapangwa kwa namba ya kutembea, mbio zinapangwa kwa namba ya kukimbia. Ukichanganya hizi mbili unaweza kulala mlimani.

Namba ya tatu ni muda wako wa kila kipande, na huu huupati kwa kukisia. Angalia rekodi za saa yako za mara tatu nne ulizokimbia kawaida, andika kila kipande kilichukua dakika ngapi, alafu punguza kidogo kwenye kupanda na kidogo kwenye kushuka. Kwenye kuingia usipunguze kitu. Narudia, kwenye kuingia usipunguze kitu.

Mi mara ya kwanza nilipukutika pale chini. Kipande cha kwanza kawaida yangu dakika 18, siku hiyo miguu myepesi, hewa ya asubuhi, nikakipita kwa 15 najiona bingwa. Mlima ukanichukua 58 badala ya 52. Juu kwenye mawe 23 badala ya 20. Mteremko, ambao ndo ninaujua kuliko kitu chochote, 35 badala ya 28 kwa sababu mapaja yalikuwa yanatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Ile tambarare ya mwisho 12 badala ya 9. Piga hesabu: nilikuwa nimepanga masaa mawili na dakika saba, nikaja na mawili na dakika 23. Dakika tatu nilizojiibia chini nilizilipa na riba yake juu, na riba yenyewe ilikuwa dakika kumi na sita za mwisho wa siku.

Tangu hapo nina utaratibu mmoja. Nachukua plasta nyeupe ya kitambaa, nabandika juu ya mkono nyuma ya kiganja, naandika kwa kalamu isiyofutika muda wa kufika mwisho wa kila kipande: 0:18, 1:10, 1:30, 1:58, 2:07. Saa ya GPS nayo ninayo ila saa inakuonyesha spidi ya sasa hivi, na spidi ya sasa hivi mlimani ni uongo mtupu, mara inakuambia dakika 5 kwa kilomita, mara 14. Plasta inakuuliza swali moja tu, umefika hapa saa ngapi.

HATUA YA 3: KAUTEMBELEE KWANZA

Wiki moja kabla, nenda ukautembee mzunguko mzima taratibu kama mgeni. Sio kukimbia, kutembea. Mvua zinakula njia, mti unaanguka, jiwe ulilozoea kulikanyaga limelegea, watu wamefungua kinjia kipya cha mkato na cha zamani kimeota majani. Kitu unachokijua kichwani ni mlima wa miezi miwili iliyopita.

Ukitembea angalia sehemu tatu tu kwa makini: ambapo unaanza kutembea kwenye kupanda (pachague sasa, usije kupachagua siku yenyewe pumzi ikiwa imekata), ambapo utakula, na sehemu zote za mteremko ambazo ukikosea huanguki tu bali unaanguka na kuendelea kushuka. Hizo za mwisho zihesabu. Wangu ziko nne. Ukifika kwenye hizo siku ya kukaza unapunguza spidi hata kama umechelewa kwenye plasta, hakuna mjadala.

Na kitu kimoja kingine kizuri sana kwenye wiki za mazoezi, uzunguke kinyume. Ule mteremko wako unakuwa mlima, unaziona zile mizizi na mawe kwa upande wa mbele, unagundua kumbe pale unaporuka kila siku kuna shimo nusu mita pembeni.

HATUA YA 4: MIGUU YA KUPANDIA NA MIGUU YA KUSHUKIA

Kupanda mchongoma kushuka ndio ngoma, na huo msemo mtu aliyeutunga nahisi alikuwa na mapaja yanauma. Ukipanda, moyo na mapafu ndo vinalalamika. Ukishuka, msuli wa paja la mbele unajikaza huku unavutwa urefuke, yani unafanya kazi ya breki kila hatua, na kazi ya namna hiyo ndo inayochana chana nyuzi ndogo ndogo za msuli. Maumivu hayaji siku hiyo, yanapanda kileleni kati ya saa 24 na 72 baadae. Ndo ile unashuka ngazi kinyumenyume siku ya pili yake.

Habari njema ni kwamba mwili unajifunza haraka. Ukishafanya mazoezi ya mteremko mara moja mbili, mara inayofuata maumivu yanapungua, na ulinzi huo unakaa wiki kadhaa. Kwahiyo ratiba ya wiki 6 hadi 8 inatosha kwa mtu ambaye tayari anakimbia, na mi naipanga hivi, usiifuate kama sheria.

Siku moja ya wiki ni kupanda: tafuta mwinuko, panda kwa nguvu dakika 3, shuka taratibu, rudia mara 5 au 6. Siku nyingine moja ni mbio ndefu ya mlimani, taratibu, spidi ambayo unaweza kupiga stori. Kila wiki ya pili badilisha ile siku ya kupanda iwe ya kushuka, yani unapanda kwa kutembea alafu unashuka kwa spidi ya kweli dakika 2 au 3, mara 4 hadi 6, ukianza na mteremko laini. Siku zilizobaki kimbia kawaida au pumzika. Mteremko mkali wa mwisho uwe siku 10 hadi 14 kabla ya siku yako, usiufanye wiki ile ile, utaenda na mapaja mabovu.

Na mazoezi ya nyumbani dakika 15 mara mbili kwa wiki: kushuka ngazi moja kwa mguu mmoja taratibu sana ukihesabu mpaka tatu, kunyanyuka kwa vidole kwa mguu mmoja mara 15 kwa seti 3 kwa ajili ya vigimbi, na kusimama mguu mmoja ukiwa umefumba macho. Hili la mwisho linaonekana mchezo wa watoto mpaka ulijaribu. Linafundisha enka kujirekebisha yenyewe kabla kichwa hakijajua, na mlimani kichwa huwa kinachelewa kujua.

Kosa kubwa ninaloliona ni mtu kuukimbia mzunguko wenyewe kwa nguvu kila wikiendi ajipime. Hayo sio mazoezi, ni mtihani kila wiki. Mara moja kwa wiki tatu inatosha, na hata hiyo isiwe ya kukaza mwanzo mwisho.

HATUA YA 5: VITU VYA KUBEBA

Viatu. Soli yenye meno ya milimita 3 au 4 inatosha njia kavu ngumu, kwenye tope unahitaji 5 kwenda juu. Mbele ya kidole kikubwa kuwe na nafasi ya upana wa kidole gumba, manake ukishuka mguu unasogea mbele na kucha zinagonga, zinakuwa nyeusi alafu zinang'oka. Kuna yale matundu mawili ya mwisho ya kamba karibu na enka ambayo watu wengi hawayatumii, yatumie, pitisha kamba itengeneze kitanzi kila upande alafu uzivushe ncha, kila moja kwenye kitanzi cha upande wa pili, ndo ufunge. Kisigino kinakaa, kidole kinapona. Usivae viatu vipya siku hiyo tafadhali, wala soksi mpya.

Mengine yote kivesti kidogo chenye mifuko kinatosha: maji chupa laini mbili za nusu lita, koti jepesi la upepo na mvua, tochi ya kichwani hata kama unaanza saa kumi na mbili asubuhi, simu yenye chaji, filimbi, blanketi la dharura lile la kung'aa, bandeji ya kuzungushia, na chakula zaidi kidogo ya unachohitaji. Juu kuna baridi kuliko unavyodhani ukiwa chini, joto linapungua nyuzi 6 na nusu hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na hapo bado upepo haujapiga kwenye fulana yako iliyolowa. Simu iweke kwenye hali ya ndege, sehemu isiyo na mtandao inajitafutia minara mpaka chaji inaisha.

Paka mafuta mazito ya kulainisha sehemu zinazosuguana, kwapani, mapajani, chuchu. Usipopaka utakumbuka ukiingia kuoga.

HATUA YA 6: CHAKULA NA MAJI

Kwa mzunguko wa chini ya saa moja na nusu ukiwa umeshiba vizuri jana yake, maji yanatosha. Zaidi ya hapo akiba ya sukari iliyo kwenye misuli inaanza kukauka, na ikikauka hamna ushujaa, miguu inazima. Lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Jeli moja (kile kipakiti cha sukari nzito cha kukamulia mdomoni) mara nyingi ina gramu 20 hadi 25, soma pakiti. Mi nakula moja dakika kumi kabla ya mlima kuanza, nikiwa bado kwenye kile kipande cha kuingia ambako pumzi iko sawa, na nyingine nikifika mgongoni. Kwenye mteremko sili kitu, tumbo linarukaruka na macho yana kazi.

Maji kunywa kidogo kidogo, kati ya mililita 400 na 800 kwa saa kutegemea joto na jasho lako. Usijilazimishe kunywa kupita kiu eti uwe salama, maji mengi kupita kiasi yanashusha chumvi ya damu na hilo ni tatizo baya kuliko kiu. Na vidonge vya maumivu vya jamii ya ibuprofen usimeze kabla wala katikati, figo zako saa hiyo tayari zina mzigo.

Kila kitu utakachokula siku hiyo uwe umeshakijaribu mazoezini. Tumbo halipendi sapraizi.

HATUA YA 7: SIKU YENYEWE

Pasha mwili dakika 10 hadi 15, kukimbia taratibu na vimbio vifupi vinne vitano. Mtu akiwa na mzunguko unaoanza na mwinuko moja kwa moja ndo apashe zaidi.

Kuingia. Hapa kazi yako ni kujizuia. Pima kwa kuongea: sentensi nzima itoke bila kukatika. Ikikatika umezidisha. Utaona unachoshwa na utaratibu, miguu inakuambia twende, iambie subiri.

Kupanda. Hatua fupi, mwili umeinama kidogo kuanzia kwenye enka, sio kiunoni, ukikunja kiuno mapafu yanabanwa. Macho mita mbili tatu mbele, usiangalie kilele, kilele hakisaidii kitu. Kuongea sasa kushuke mpaka maneno matatu manne kwa pumzi. Na tembea! Watu wanaona aibu kutembea, ila mwinuko ukizidi nyuzi 15 hivi kutembea kwa nguvu kunakula nishati kidogo kuliko kukimbia kwa spidi ile ile. Siri ni kuanza kutembea kabla hujalazimika. Anayetembea kwa kupanga anatembea haraka, anayetembea kwa sababu pumzi imekata anasimama. Mikono weka juu kidogo ya goti, sukuma pale mguu unaponyooka, kifua wazi. Penye kijiwe au ngazi ya kukanyaga mguu mzima, kanyaga mguu mzima, vigimbi vipumzike.

Ukikaribia juu kuna kishawishi cha kumalizia kwa kishindo zile mita 50 za mwisho. Usifanye. Kinachokuja mara baada ya kilele ndo kinachotaka miguu yenye akili.

Juu mgongoni. Dakika mbili za kwanza kimbia kizembe, mapigo yashuke, kula, kunywa, angalia plasta. Alafu, na hii iwe kama sala, SIMAMA kaza kamba za viatu. Sekunde 20. Usizionee huruma hizo sekunde.

Kushuka. Mwili wenyewe unataka kuegemea nyuma kwa woga, ukiegemea nyuma unatua na kisigino, kisigino kinateleza, unakalia mlima. Jiweke katikati juu ya miguu, magoti yamelegea kidogo, hatua fupi fupi za haraka kama unakanyaga mkaa, mikono ipanue kama mbawa hata ukionekana chizi. Macho mita 4 au 5 mbele: mguu unakanyaga kitu ambacho jicho lilishakiona sekunde iliyopita. Ukianza kuangalia vidole vyako ujue umechoka, punguza. Kwenye changarawe tua na mguu mzima, usibreki, acha ikusogeze kidogo. Mzizi uliolowa usiukanyage kabisa hasa ule uliolala mshazari, uruke. Jiwe lenye kijani hivyo hivyo. Majani makavu yaliyojaa shimoni yanaonekana kama zulia, sio zulia.

Sasa kile kiganja changu. Katikati ya mteremko wangu kuna mzizi umejikunja kama kiwiko cha mtu, umetoka kushoto umeingia kulia, ngozi yake imeng'aa kwa sababu viatu vya watu vimeusugua miaka na miaka. Nimeuruka zaidi ya mara hamsini. Siku hiyo nilikuwa mbele ya plasta kwa dakika moja nzima, furaha ikanijaa, nikanyanyua mkono nihakikishe. Nusu sekunde tu. Ncha ya kiatu cha kulia ikaingia chini ya kile kiwiko kama ndoano, na kitu ninachokumbuka ni kimya, yani mlio wa viatu ulikata, alafu changarawe ikawa karibu sana na jicho. Nilinyoosha mkono kujizuia, kosa, mkono ulionyooka unavunja kifundo. Bahati haukuvunjika, ngozi ya kiganja ndo ilibaki njiani na vijiwe vitatu vikaingia ndani yake. Nililala pale nikiuangalia ule mzizi kwa karibu kwa mara ya kwanza, kumbe una kovu jeupe la shoka upande wa chini, miaka yote sijawahi kuliona.

Kwahiyo sheria: kwenye mteremko hakuna kuangalia saa, hakuna kuangalia plasta, hakuna kugusa zipu. Ukitaka kuangalia kitu, simama. Na ukiona unaanguka kweli, jikunje, kunja viwiko, angukia ubavu wa bega kama unaviringika. Ukishaanguka usinyanyuke haraka kwa aibu, hamna anayekuangalia, kaa sekunde 30, gusa kichwa, zungusha enka, kunja na kunjua kiganja. Kidonda kimwagie maji ya chupa mpaka mchanga utoke, zungusha bandeji, alafu amua.

Kutoka. Ile kilomita na nusu ya tambarare. Miguu imezoea mteremko, ghafla inaambiwa ijisukume yenyewe, utahisi unakimbia ndani ya maji. Usijaribu hatua ndefu, ongeza kasi ya hatua fupi, sukuma mikono, tafuta kitu cha mbele, mti, kona, nguzo, fika hapo, tafuta kingine. Msuli wa kigimbi ukianza kubana punguza dakika moja, usiunyooshe kwa nguvu huku unakimbia.

LINI UACHE

Mzunguko una mtego ambao njia ya kwenda na kurudi haina. Kuna sehemu ukishaipita, kurudi ni mbali kuliko kuendelea. Wangu ukiwa kileleni nyuma yako kuna kilomita 7 za kushuka tu kwenye njia inayozidi kuwa nzuri, mbele kuna 9 na tatu kati yake ni mawe yenye upepo. Kwahiyo uamuzi wa kuacha unafanywa PALE, kabla ya kuingia mgongoni. Mi nimejiwekea: nikifika juu nimechelewa zaidi ya dakika 10 kwenye plasta, au kuna wingu jeusi linakuja, au kuna maumivu ya upande mmoja tu (ya pande zote mbili ni uchovu, ya upande mmoja ni jeraha), nageuza. Maamuzi haya yaandike nyumbani, akili ya kilomita ya saba haifai kuamua kitu.

Radi: ukiona mwanga hesabu sekunde mpaka ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30 toka mgongoni shuka, usikae chini ya mti uliosimama peke yake, na usirudi juu mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Kabla hujatoka mwambie mtu unaanzia upande gani na saa ngapi aanze kuwa na wasiwasi. Ukikwama, mlio wa kuomba msaada mlimani unaojulikana sehemu nyingi ni filimbi sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Usiku mwanga wa tochi mara sita vile vile. Anayekujibu anapiga tatu. Na usiache baada ya kujibiwa, wanafuata sauti.

BAADA YA HAPO

Usikae chini mara moja. Tembea dakika kumi, vua fulana iliyolowa vaa kavu, kunywa, na ndani ya saa moja mbili kula chakula cha kweli chenye wanga na protini. Siku mbili tatu zinazofuata hakuna mteremko, kutembea tambarare ni ruksa na kunasaidia. Maumivu ya paja siku ya pili ni kawaida. Mkojo wenye rangi ya chai nyeusi pamoja na misuli iliyovimba na kuuma kupita kiasi sio kawaida kabisa, huo ni msuli unaovunjika na kuziba figo, nenda hospitali siku hiyo hiyo usisubiri kesho.

Alafu ile plasta usiitupe. Kabla hujaoga, pembeni ya kila namba uliyopanga andika uliyopata, ibandue, ibandike kwenye daftari na tarehe, na chini yake mstari mmoja wa kilichobadilika njiani. Ya kwangu ya siku ile ina doa la damu kona moja na imeandikwa 0:18, 1:09, 1:29, alafu mbele ya 1:58 nimeandika "mzizi", na 2:07 haina kitu pembeni.